Chumvi ya Uvinza Haikujua Vitivo

Ukimwambia mtu kuna shahada inayofundisha kemia pamoja na biashara na menejimenti, wengi watadhani ni ubunifu wa vyuo vya Ulaya vinavyosaka wanafunzi: maabara asubuhi, mizania jioni, kijana asikose ajira. Historia ya nyanda za juu za Kigoma inasema vingine. Kwa Waha, watu wa Buha, kuanzia Kitahana na Kibondo upande wa kaskazini hadi Kasulu na miteremko inayoshuka kuelekea bonde la Malagarasi, chumvi iliyosifika ilitoka Uvinza. Na chumvi ile haikupatikana kwa ujuzi wa kuchemsha peke yake, wala kwa ujuzi wa kuuza peke yake. Hoja yangu ni kwamba jambo geni kwetu ni kule kuyatenganisha maarifa haya mawili. Kuyaunganisha ni kwa zamani sana.

Zamani gani? Mwaka 1967 John Sutton na Andrew Roberts walichimba kwenye chemchemi za maji ya chumvi za Uvinza, jirani na mahali ambapo mto Ruchugi, unaotiririka kutoka vilima vya Kasulu, unaingia Malagarasi. Walikuta mashimo ya kuchemshia yaliyokandikwa udongo, majivu, na vigae vya vyungu vya Zama za Chuma za mwanzo. Vipimo vya makaa viliwarudisha hadi karibu karne ya 5 au ya 6. Kazi iliyodumu hivyo, ikivuka watawala waliokuja na kuondoka, haiendeshwi kwa kubahatisha. Msafiri Richard Burton alipita huko mwaka 1858 na kuisifu chumvi ya Uvinza kuwa bora kuliko ya Ugogo, ambayo kwake ilikuwa chungu. Miaka ishirini hivi baadaye Edward Hore, mmisionari wa Jumuiya ya Kimisionari ya London aliyekaa Ujiji, aliikuta imeenea pande nyingi za Ziwa Tanganyika. Uchungu ule alioulalamikia Burton una maelezo yake ya kikemia, na hapo ndipo penye utamu wa hadithi hii.

Maji ya chemchemi hayana chumvi ya mezani peke yake. Mna kalisi, magnesi na vinginevyo kwa viwango tofauti. Ukiyachemsha, chokaa na jasi hujitenga mapema na kugandamana chini ya chombo. Chumvi yenyewe hufuata, punje nyeupe zikianza kuonekana juu na kuzama. Chumvi za magnesi hubaki hadi mwisho kwenye maji mazito yenye ladha chungu. Anayeacha chungu kikauke kabisa hupata mzigo mkubwa zaidi, lakini ni mzigo mchungu, unaovuta unyevu wa hewa na kulowa njiani. Anayejua pa kukomea, akachota punje na kuzichuja, hupata kidogo lakini safi. Tazama uamuzi ulivyo: ni suala la kemia na la soko kwa pamoja. Kiasi au sifa? Mnunuzi wa Ujiji atarudi msimu ujao au atakwenda kwingine? Hakuna namna ya kulijibu swali la kwanza bila la pili.

Vivyo hivyo kuhusu majira. Masika mto hufurika, maji baridi huchanganyika na ya chemchemi, na kila chungu hudai kuni nyingi zaidi kwa chumvi ileile. Masika hayohayo ndiyo wakati wa jembe huko Buha, mikono yote ikiwa shambani. Kiangazi maji ya chumvi hukolea, kuni hukauka, na watu wana nafasi ya kusafiri. Kwa hiyo Waha na jirani zao walishuka kiangazi, wakapiga kambi, wakagawana kazi: wa kuchota, wa kukata kuni, wa kukesha na moto. Kuni ndizo zilizokuwa gharama kuu. Kadiri miti ya karibu inavyokwisha, ndivyo mwendo wa kuifuata unavyorefuka, na faida inaliwa na miguu. Mwanafunzi wa leo huchorewa jambo hilo kwenye grafu na kuambiwa ni gharama ya uzalishaji.

Kuna atakayesema ninatia chumvi. Kemia, atasema, ni nadharia ya atomi na mizani ya maabara. Wachemshaji wa Uvinza walikuwa na mazoea tu. Ni kweli hawakuwa na nadharia hiyo, na sitaki kuwavisha joho lisilo lao. Ila mazoea yanayotofautisha tabaka moja la chumvi na jingine kwa jicho na ulimi, na kutoa bidhaa ya sifa ileile mwaka hadi mwaka, ni maarifa ya maada. Yalikosa maandishi na maelezo, hayakukosa ukweli. Pingamizi la pili ni zito zaidi. Watawala wa Kivinza walichukua sehemu ya chumvi ya kila mchemshaji, na huko Buha kwenyewe hongo, yaani ushuru wa kupita njia, ilikuwa kali kiasi kwamba mwaka 1871 msafiri Henry Stanley alitoka huko kwa kunyatia usiku. Hiyo ni menejimenti au ni unyang'anyi? Pengine yote mawili. Lakini mtawala aliyeishi kwa sehemu ya mavuno ya wengine alilazimika kupima: akizidisha, wageni hawarudi kiangazi kijacho. Kwamba walirudi, kizazi baada ya kizazi, ni ushahidi kuwa kwa kawaida kipimo kilivumilika.

Utengano ulikuja na kampuni. Mwanzoni mwa karne ya 20 chemchemi ziliingia mikononi mwa kampuni ya Kijerumani, na kiwanda kikaitwa Gottorp. Mwaka 1914 reli ya kati ilifika Kigoma ikipitia hapohapo Uvinza. Baada ya vita Waingereza walitawala, na jina lililodumu likawa Nyanza Salt Mines. Chumvi ilisafiri mbali zaidi kwa gharama nafuu, hilo silibishi. Lakini yule aliyekuwa mchemshaji, mfanyabiashara na mpanga safari kwa wakati mmoja alipewa nafasi moja tu, ya kibarua. Hesabu zilikaa ofisini, vipimo vya maji vikakaa kwa fundi wa kigeni. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kilikua kwa mpangilio wa aina hiyo: sheria mwaka 1961, sayansi mwaka 1965, na kitivo cha biashara na menejimenti mwaka 1979. Kila kimoja kikawa na jengo lake, na mkemia akahitimu bila kuulizwa kilo moja ya kitu alichotengeneza itauzwa shilingi ngapi.

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka, na wahadhiri wengi wa kemia wangekubaliana nao: muda wa shahada ni uleule, kila somo la uhasibu linafukuza somo la maabara. Hofu hiyo ina msingi kwa anayekwenda kuwa mtafiti. Kwa chumvi, hata hivyo, angalia suala la madini joto. Katikati ya miaka ya 1990 Tanzania iliweka kanuni za kutaka chumvi ya kula itiwe madini joto, kwa sababu ya rovu na madhara mengine, hasa nyanda za juu, mbali na bahari na samaki wake. Kinachotumika ni potasiamu ayodeti, ambayo huhimili joto na unyevu kuliko ayodidi. Hadi hapo ni kemia tupu. Lakini chumvi chafu yenye magnesi, ikikaa kwenye gunia lililolowa, hupoteza madini joto kabla ya kufika sokoni Kasulu. Mfuko wa plastiki ungeyahifadhi vizuri zaidi, ila nao una bei, na mzalishaji mdogo anashindana na asiyetia chochote. Mkemia asiyejua bei ya mfuko atatoa ushauri sahihi usiofuatwa. Meneja asiyejua magnesi atalaumu gunia.