Lebo za Divai na Wakusanyaji Wake

Mwanadamu hukusanya vitu vya namna mbili: vile vyenye thamani kwa watu wote, kama dhahabu na lulu, na vile ambavyo wengine huvitupa. Lebo ya divai ni ya namna ya pili. Divai ikiisha, mnywaji hana haja tena na chupa wala karatasi yake; lakini mkusanyaji huitia chupa hiyo katika maji ya moto, hungoja gundi ilainike, huibandua karatasi polepole, huikausha na kuiweka katika daftari. Wako wanaouona uraibu huu kuwa mchezo wa watu wasio na kazi. Mwanahistoria hana budi kuutazama kwa jicho jingine.

Desturi ya kuandika juu ya chombo cha divai ni kongwe kuliko karatasi. Kaburi la Tutankhamun, mfalme wa Misri aliyefariki zaidi ya miaka 3,300 iliyopita, lilipofunuliwa na Howard Carter mwaka 1922, humo ilikutwa mitungi 26 ya divai. Mingi katika hiyo iliandikwa kwa wino mwaka wa utawala, shamba zilikotoka zabibu, na jina la mkuu wa watengenezaji. Divai ilikuwa imekauka zamani, maneno yalibaki. Kwa maneno hayo jina la Khay, mtu wa kazi ya zabibu, limedumu pamoja na jina la bwana wake.

Lebo ya karatasi ni changa mno kwa kulinganishwa na mitungi hiyo. Mwaka 1796, huko Bavaria, Alois Senefelder alivumbua njia ya kupiga chapa kwa jiwe, na kwa njia hiyo ikawezekana kuchapa picha nyingi kwa gharama ndogo. Katika karne ya 19 lebo zikaenea Ulaya. Hata hivyo, divai nyingi ya Bordeaux ilitoka shambani katika mapipa, na aliyeitia chupani alikuwa mfanyabiashara wa mjini. Mwaka 1924 Philippe de Rothschild, mwenye shamba la Mouton, alikata shauri kuwa divai yake yote itiwe chupani shambani kwake, akamwagiza Jean Carlu achore lebo yake. Hivyo karatasi ikawa kama sahihi ya mwenye mali.

Lakini sahihi husema lile tu ambalo mwenyewe ataka lisikiwe. Lebo ya Mouton ya mwaka 1945, iliyochorwa na kijana Philippe Jullian, ina herufi V kubwa, alama ya ushindi wa vita. Wakusanyaji huithamini sana, na haki yao. Pamoja na hayo, katika mwaka huo huo Élisabeth, mke wa mwenye shamba, alifia katika kambi ya Wajerumani ya Ravensbrück. Lebo ilitangaza furaha ya taifa. Msiba wa nyumba haikuutaja. Anayeisoma karatasi hiyo peke yake amesoma nusu ya habari.

Tangu mwaka ule shamba hilo limempa msanii kazi ya kupamba lebo karibu kila mwaka: Georges Braque kwa divai ya 1955, Salvador Dalí kwa ile ya 1958; na lebo ya 1973 ilibeba picha ya Pablo Picasso, aliyefariki mwaka huo. Lebo ya 1993 ilikuwa na mchoro wa Balthus wa msichana aliye uchi. Lalamiko likatokea Marekani, na chupa zilizouzwa huko zikapewa lebo yenye nafasi tupu mahali pa picha. Wakusanyaji wakazitafuta zote mbili, nao walitenda kwa busara, maana nafasi ile tupu nayo ni habari: yaonyesha mambo ambayo watu wa nchi moja waliyavumilia na wa nchi nyingine wakayakataa.

Maynard Amerine, mwanachuoni wa elimu ya divai aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha California huko Davis hadi uzeeni, aliacha maelfu ya lebo, nazo zimehifadhiwa katika maktaba ya chuo hicho. Kazi ya namna hiyo imekuwa ngumu zaidi siku hizi, kwa kuwa gundi nyingi za sasa hazilainiki kwa maji, na karatasi hupasuka mkononi. Lakini hasara kubwa zaidi ni lebo iliyobanduliwa bila kuandikiwa siku, mahali na jinsi ilivyopatikana. Lebo ya namna hiyo ni shahidi aliyeletwa barazani asiulizwe neno. Mkusanyaji aongezaye mstari mmoja wa maelezo chini ya karatasi yake amekwisha kuvuka mpaka wa uraibu, ameingia katika kazi ya historia.