Steringi ana jina, anayeanguka je?

Hapa Kisumu, ukitaja Oscar utajibiwa Lupita Nyong'o, aliyeitwaa mwaka 2014. Lakini vijana wanaojazana kwenye vibanda vya video Kondele huenda kumtazama steringi akiruka na kuanguka. Mara nyingi anayeanguka si yeye. Ni mbadala aliyevishwa nguo zake.

Mfano wa karibu nasi ni Tomb Raider. Ulianza kama mchezo wa kompyuta mwaka 1996, ukawa filamu 2001. Filamu ya pili, ya 2003, sehemu yake ilipigwa hapa Kenya, ikiwemo Hell's Gate kule Naivasha. Angelina Jolie twamjua sote. Eunice Huthart, Mwingereza aliyekuwa mbadala wake, nani amjua?

Filamu za namna hii hazisimami bila watu hao, maana shujaa wa mchezo wa kompyuta kazi yake ni kuruka, kupigana na kuponea chupuchupu. Hata hivyo Oscar, zinazotolewa tangu 1929, hazikuwa na tuzo yao. Aprili 2025 wasimamizi walikubali kuanzisha tuzo ya ubunifu wa matukio ya hatari. Itatolewa mara ya kwanza 2028, kwa filamu za 2027.

Ni hatua njema. Ila jina la tuzo lamtaja anayepanga, si anayeanguka. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Basi filamu ikiisha tusikimbilie mlangoni. Tusome majina mpaka la mwisho.