Jinsi ya kuokoa kombi kuukuu lisiliwe na kutu ya Pwani

Gari kuukuu la aina ya kombi, hasa lile lililogeuzwa kuwa malazi ya safarini kwa kutiwa kitanda, jiko na kabati, huweza kukaa miongo mingi Nanyuki au Nakuru bila bodi yake kutoboka. Likiteremshwa Malindi, Watamu au Kilifi na kulazwa nje, mambo hubadilika. Pepo zote mbili kuu za mwambao huu hutoka baharini: kusi huvuma kutoka kusini-mashariki na kaskazi kutoka kaskazini-mashariki. Hivyo hakuna msimu ambao hewa haibebi chumvi. Chumvi hiyo hunyonya unyevu hata siku isiyo na mvua, na maji ya chumvi, kwa kuwa hupitisha umeme vyema kuliko maji baridi, huharakisha kuliwa kwa chuma.

Wala kupata gari mbadala si rahisi. Kenya hairuhusu kuingizwa nchini kwa magari yaliyopita umri wa miaka minane, na kombi la mwisho la Volkswagen lenye injini nyuma liliundwa Brazil mwaka 2013. Mwenye nalo hana budi kulitunza alilo nalo.

Kazi huanza kwa kuosha. Maji ya visima vingi vya ufuoni yana chumvi, basi yafaa maji ya mfereji, ambayo Malindi na Kilifi hupata kutoka Baricho kando ya Mto Sabaki, au maji ya mvua. Gari likikauka, ligongwe polepole kwa mpini wa bisibisi: chuma kizima hulia, kilichooza hububuwaa. Pa kuchunguza zaidi ni ndani ya madigadi, vizingiti vya milango, ukingo wa kioo cha mbele chini ya mpira, mfereji wa paa na mahali betri inapokaa. Katika kombi za miaka ya 1980, maungio ya mabati ya ubavuni ndiyo hutangulia kufura.

Iwapo kutu ni ya juu juu, isuguliwe kwa brashi ya waya kisha msasa namba 80, halafu 180, hadi chuma king'ae. Vishimo vidogo visivyofikiwa hupakwa dawa ya kutu yenye asidi ya fosfori, nayo mabaki yake huondolewa kama maelekezo ya kopo yanavyosema. Rangi ya msingi ya epoksi ipakwe saa hizo hizo. Chuma kilichosuguliwa asubuhi na kuachwa wazi usiku kucha karibu na bahari huamka na wekundu, na kazi huwa imerudi nyuma.

Palipotoboka hapana njia ya mkato. Sehemu yote iliyooza ikatwe hadi chuma kizima, kisha kiraka cha bati la chuma la unene wa milimita 0.8 hadi 1 kichomelewe kwa nukta zinazoachana, ili joto lisipinde ubavu. Kabla ya moto, betri ifunguliwe, na mtungi wa gesi, godoro, mapazia na sponji za kutani vitolewe. Tangi la petroli nalo liondolewe likiwa karibu. Baadhi ya mafundi hutumia kipande cha bati la kuezekea. Ni kosa mara mbili: ni jembamba mno, na zinki yake ikiungua hutoa moshi unaomletea fundi homa.

Puti inastahili neno lake. Hunyonya maji, kwa hiyo ikipakwa juu ya kutu au tundu, huificha tu kutu inayoendelea kula chini yake. Mahali pake ni juu ya epoksi, kwa tabaka jembamba la kusawazisha. Mnunuzi wa gari lililopakwa rangi karibuni na achukue sumaku ndogo aliyoifunga kitambaa. Isiponata ubavuni, bati si bati tena. Na kutu ikiwa imefika kwenye mihimili ya chini au mahali mikanda ya usalama inapofungwa, suala si urembo tena, bali uhai wa abiria. Hapo gari lisitembezwe hadi fundi wa chesisi alikague.

Baada ya rangi, maungio yazibwe kwa gundi ya maungio, na nta ya kuzuia kutu ipulizwe ndani ya vizingiti na milango. Mabaharia wetu walipaka majahazi sifa, mafuta ya papa, kwa wazo lilo hilo. Mafuta machafu ya injini, ambayo wengi hupaka chini ya gari, hulainisha mipira na kuchafua ardhi.

Miezi ya Januari hadi Machi, kabla ya masika, ndiyo bora kwa kazi hii. Baadaye, matundu ya kutolea maji chini ya milango yazibuliwe kila mwezi kwa kijiti, na sehemu ya chini ioshwe siku ile ile gari linapotoka kwenye mchanga wa ufuoni.