Hati Iliyoitwa Mkono wa Wanawake

Msomaji, ukitaka kujifunza Kijapani, kitu cha kwanza kitakachokukabili si maneno yake bali hati yake. Wajapani hutumia hati tatu katika ukurasa mmoja, na aghalabu katika sentensi moja. Ya kwanza ni kanji, yaani herufi zilizotoka China, ambazo kila moja huchukua maana. Mbili nyingine ni hiragana na katakana, nazo huchukua sauti tu. Wanafunzi wengi husikia kwamba herufi za kanji zilizowekwa kwa matumizi ya kawaida ni 2,136, wakavunjika moyo kabla ya kushika kalamu. Haifai kufanya hivyo. Nyumba hii ina mlango mdogo ulio wazi, na ni vema ujue ulifunguliwa namna gani.

Hapo kale Wajapani walikuwa na lugha lakini hawakuwa na maandishi. Kiasi cha miaka 1,500 iliyopita, herufi za China ziliwafikia kwa njia ya Korea, pamoja na vitabu vya dini na vya utawala. Kuazima herufi si aibu. Wazee wetu wa pwani nao waliandika tenzi za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kabla ya kuenea herufi hizi unazozisoma sasa. Walakini, cha kuazima hakisitiri maungo. Maneno ya Kichina hayabadiliki umbo, lakini kitenzi cha Kijapani hubadilika mwisho wake, kama vile chetu kinavyobadilika mwanzo wake tunaposema alisoma, atasoma, hakusoma. Herufi yenye maana ya kusoma ilikuwapo. Je, zile sehemu ndogo za kueleza wakati na kukana zingeandikwaje?

Dawa waliyoipata ni kuiacha maana na kuishika sauti. Herufi iliyosomeka "ka" ilitumiwa popote palipokuwa na sauti hiyo, hata kama maana yake haikuhusika kabisa. Kwa njia hiyo yaliandikwa mashairi mengi katika diwani iitwayo Man'yōshū, yenye mashairi zaidi ya 4,500, iliyokusanywa katika karne ya 8. Lakini kazi ilikuwa nzito, maana silabi moja fupi iliweza kudai mistari mingi ya wino.

Katika karne ya 9 mzigo huo ulipunguzwa kwa njia mbili. Watawa wa Kibudha, waliposoma vitabu vya Kichina, walihitaji alama ndogo za kutia kando ya maneno ili wakumbuke namna ya kuyasoma. Wakatwaa kipande cha herufi na kuacha kilichobaki. Hiyo ndiyo asili ya katakana. Wengine waliandika herufi nzima kwa haraka, hata pembe zake zikalainika zikawa mizunguko. Hiyo ndiyo asili ya hiragana. Tazama silabi "ka". Herufi yake ya asili ina alama ya nguvu upande wa kushoto, na alama ya mdomo upande wa kulia. Katakana imetwaa nguvu na kuacha mdomo. Hiragana imezihifadhi zote mbili, ila mdomo umebaki mstari mmoja mfupi.

Wakati huo mji wa mfalme ulikuwa Heian, ambao leo huitwa Kyoto. Huko Kichina kilikuwa lugha ya sheria, elimu na vyeo, nacho kilihesabiwa kuwa mali ya wanaume. Hiragana ikaitwa "mkono wa wanawake". Wanaume waliitumia katika barua na mashairi, lakini mambo makubwa ya dola waliyaandika kwa Kichina. Ki no Tsurayuki, mshairi na mtu wa cheo, alipoandika kwa hiragana habari za safari yake ya kurudi kutoka Tosa, mwaka 935 hivi, alijifanya mwanamke ndiye anayesimulia. Ndani ya kitabu hicho mna majonzi ya binti mdogo aliyefia huko ugenini.

Murasaki Shikibu naye ameeleza katika shajara yake kwamba utotoni alimsikiliza ndugu yake wa kiume akifundishwa vitabu vya Kichina, akayashika masomo upesi kuliko yeye. Baba yao, aliyekuwa mwanachuoni, alisikitika kwamba binti huyo hakuzaliwa mwanamume. Binti alipokua aliandika kwa hati ile ya wanawake Hadithi ya Genji, kitabu cha sura 54, mwanzoni mwa karne ya 11. Hata leo hakuna kitabu cha Kijapani kinachoheshimiwa zaidi yake.

Hati iliyowekwa kando haikufa. Mwaka 1900 serikali ilichagua umbo moja kwa kila silabi, kwa kuwa awali silabi moja iliweza kuwa na maumbo kadha wa kadha. Mwaka 1946 tahajia ilirekebishwa ikaribie matamshi. Leo watoto wa Japani, wavulana kwa wasichana, huanza masomo kwa hiragana, na sheria za nchi haziandikwi bila hiyo.

Basi nawe anza hapo. Kila moja ya hati hizi mbili ina alama 46 za msingi. Anza na irabu: a, i, u, e, o; kisha ka, ki, ku, ke, ko. Sikio lililozoea Kiswahili halitataabika, maana silabi za Kijapani, karibu zote, huishia kwa irabu kama zetu. Ukitia vitone viwili, "ka" huwa "ga", na "ta" huwa "da". Ukitia duara dogo, "ha" huwa "pa". Fuata mpango wa mistari kama ulivyowekwa, kwani mkono nao una kumbukumbu yake. Halafu ingia katakana, ambayo siku hizi hutumika hasa kwa maneno ya kigeni. Kwa hiyo utaandika jina la nchi yetu kwa alama tatu, ke-ni-a, na Nairobi kwa alama nne, na-i-ro-bi. Kanji na ingoje zamu yake.

Mtu akikuambia kwamba hizo ni herufi za watoto, usibishane naye, kwa sababu ni kweli. Lakini mweleze kwamba msichana aliyejifunza kwa kusikiliza masomo ya mwingine alizitumia kuandika kitabu kinachosomwa hata sasa, baada ya miaka elfu moja.