Seli shina: je, zinaweza kutengeneza moyo kisha krizi?

Krizi ya moyo inatokea wakati mshipa unaoleta damu kwenye nyama ya moyo unaziba. Sehemu ile inayokosa damu inakufa, na pahali pake panabaki kovu. Kovu haisukume damu. Ndiyo maana wagonjwa wengi kisha krizi wanachoka haraka na kuvimba miguu.

Seli shina ni seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina ingine. Mwaka 2001, wachunguzi wa Marekani walitangaza kwamba seli za ndani ya mifupa zilirudisha nyama ya moyo wa panya. Wengine walijaribu, wakakosa matokeo hayo. Katika 2018, Chuo Kikuu cha Harvard kiliomba makala 31 za maabara ya Piero Anversa, mmoja wa wachunguzi hao, ziondolewe: zilikuwa na matokeo yaliyogeuzwa ao kubuniwa.

Huko Ulaya, jaribio la BAMI kwa wagonjwa 375 halikuonyesha kama seli za mifupa zinapunguza vifo. Katika Japani, mwaka 2020, waganga wa Osaka walibandika vipande vyembamba vya seli juu ya moyo wa mgonjwa. Hayo nayo yalikuwa majaribio.

Basi, mwenye kuuza vidonge vya "seli shina" kwa kuponya moyo hana ushuhuda. Mtu akisikia kifua kinakaza, maumivu yakienda mkononi ao kwenye taya, pamoja na jasho, asingoje kesho: akimbie hospitali. Nyama ya moyo iliyokufa hairudi.