Ngazi na Ubao: Kipimo Kipi Kilinganishe Maisha ya Nchi na Nchi?

Katika Ripoti ya Furaha Duniani ya mwaka 2019, Tanzania ilishika nafasi ya 153 kati ya nchi 156. Rwanda ilikuwa ya 152, Yemen ya 151 na Syria ya 149. Burundi, ambayo tangu mwaka 2015 raia wake wengi walikuwa wakivuka mpaka kuomba hifadhi katika kambi za Nyarugusu, Nduta na Mtendeli mkoani Kigoma, ilipewa nafasi ya 145. Kwa orodha hiyo, mkimbizi wa Burundi alikuwa akitoka kwenye maisha bora kidogo kwenda kwenye maisha duni zaidi.

Orodha za namna hii hupokewa kwa njia mbili. Wapinzani wa serikali huzishika kama ushahidi, na watetezi wake huzitupa kama hila za wageni. Pande zote mbili hulikwepa swali la msingi: nafasi hiyo imepatikanaje? Makala haya yanadai kwamba maoni ya mtu kuhusu maisha yake, pamoja na thamani yake yote, hayafai kupanga nchi kwa nafasi, kwa sababu kila jamii hujipimia kwa kipimo chake. Kipimo chenye urefu uleule kila mahali kipo, nacho ni mwili wa mtoto mdogo.

Kwamba pato la taifa peke yake halitoshi hakubishaniwi tena. Simon Kuznets, aliyeliandalia Bunge la Marekani hesabu za pato hilo mwaka 1934, alionya palepale kwamba ustawi wa taifa haukisiwi kwa hesabu hizo. Mwaka 1990 Mahbub ul Haq, akishirikiana na Amartya Sen, alileta Kielezo cha Maendeleo ya Binadamu, kinachounganisha umri wa kuishi, elimu na kipato. Ubishi uko kwa wale wanaotaka kwenda mbele zaidi, wakisema anayeishi maisha ndiye hakimu wa maisha yake, basi aulizwe yeye.

Swali lenyewe lilibuniwa na Hadley Cantril miaka ya 1960. Mhojiwa huambiwa afikirie ngazi yenye vidato kuanzia 0 hadi 10. Cha juu kabisa ni maisha bora kabisa anayoweza kuwa nayo, na cha chini ni mabaya kabisa. Kisha huulizwa amesimama kidato gani kwa sasa. Shirika la Gallup huwauliza watu wapatao 1,000 kwa kila nchi, katika nchi nyingi, na wastani wa miaka mitatu ndio unaozaa orodha.

Kasoro ya utaratibu huu imo ndani ya swali. Kilele cha ngazi hujengwa na mhojiwa mwenyewe. Tumchukue kijana wa Mbeya mwenye simu mkononi, ambaye kila jioni anaona jinsi watu wa Dubai wanavyoishi. Kilele chake kiko mbali, naye atajiweka kidato cha tatu. Mtu aliyenusurika vita anaweza kujiweka cha nne kwa kuwa tu watoto wake wako hai. Kulinganisha tatu ya huyu na nne ya yule ni kununua mchele kwa pishi mbili zisizolingana, kisha kutangaza nani kapata mwingi.

Hili si dhana tupu. Sen alionyesha mwaka 2002 kwamba, nchini India, watu wa jimbo la Kerala hulalamikia maradhi zaidi kuliko watu wa jimbo la Bihar, ilhali Kerala ndiko watu wanakoishi miaka mingi zaidi. Aliyesoma na kuzoea zahanati anajua kwamba kikohozi cha mwezi mzima ni ugonjwa. Asiyezoea hukiona sehemu ya maisha. Mwaka 2004 Gary King na wenzake waligundua kwamba Wachina walijiona wana sauti serikalini kuliko Wameksiko, ambao walikuwa wamekwisha kuking'oa chama tawala kwa kura. Wahojiwa walipopewa pia visa vya watu wa kubuni wavipime, ili ijulikane kila mmoja anatumia kipimo gani, matokeo yaligeuka. Na mwaka 2024 August Nilsson na wenzake walionyesha, kwa wahojiwa wa Uingereza, kwamba taswira yenyewe ya ngazi huwavuta watu kufikiria mali na madaraka. Anayedhani anapima furaha huenda anapima cheo.

Watetezi wa ngazi hujibu kwamba mambo sita, yakiwamo kipato, afya na msaada wa jamaa, yanaeleza takribani robo tatu ya tofauti baina ya nchi, kwa hiyo majibu si ya kubahatisha. Ni kweli. Ngazi huitofautisha Finland na Sudan Kusini bila shida, lakini hatukuhitaji ngazi kwa kazi hiyo. Tunakihitaji kipimo pale nchi zinapokaribiana, na hapo ndipo robo iliyobaki inapoharibu hesabu.

Sasa tuuangalie ubao. Katika utafiti wa afya ya kaya, mtoto wa chini ya miaka miwili hulazwa chali juu ya ubao wenye alama za sentimita. Mtu mmoja hushika kichwa kiguse ubao wa juu, mwingine hunyoosha magoti na kusogeza kibao mpaka kwenye nyayo. Mtoto hulia, mama hubembeleza, namba inaandikwa. Mtoto wa kike wa miezi 24 hutarajiwa kuwa na sentimita 86 hivi; akiwa chini ya 80 huhesabiwa amedumaa. Hakuna anayeulizwa maoni.

Lakini 86 za nani? Hapa ndipo penye ushahidi ambao mjadala wa ubora wa maisha haujautumia ipasavyo. Kati ya mwaka 1997 na 2003 Shirika la Afya Duniani lilipima ukuaji wa watoto wapatao 8,500 katika miji sita: Pelotas wa Brazil, Accra, New Delhi, Oslo, Muscat, na Davis wa Marekani. Walichaguliwa watoto walionyonyeshwa, ambao mama zao hawavuti sigara, na ambao hali ya nyumbani haizuii ukuaji. Matokeo yalishangaza. Katika tofauti zote za urefu zilizoonekana, takribani asilimia 3 tu zilitokana na mji, ilhali asilimia 70 zilikuwa baina ya mtoto na mtoto wa mji uleule. Mtoto wa Accra aliyetunzwa vyema hukua kama wa Oslo. Viwango vilivyotolewa mwaka 2006 kwa msingi huo ndivyo vinavyotumika Njombe nchini Tanzania na Gitega nchini Burundi leo. Ngazi ya Cantril haijawahi kufanyiwa jaribio kama hilo.

Tukirudi kwa majirani, picha inabadilika. Utafiti wa Burundi wa 2016–17 ulikuta asilimia 56 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Wa Tanzania wa 2015–16 ulikuta 34. Kwa ubao, pengo kati ya nchi hizi mbili ni kubwa, na linaelekea upande ambao wakimbizi walielekea. Ubao pia unaona kisichoonwa na takwimu za vifo. Kenya na Tanzania zilikaribiana sana mwaka 2022: vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilikuwa 41 na 43 kwa kila vizazi hai 1,000. Udumavu, hata hivyo, ulikuwa asilimia 18 Kenya na 30 Tanzania. Watanzania wamefaulu kuwaokoa watoto wao, kutoka vifo 112 mwaka 2004–05, lakini hawajafaulu kuwakuza.

Msomaji makini atasema ngazi nayo iliiweka Kenya juu ya Tanzania mwaka 2019, nafasi ya 121. Kupatia mara moja hakukithibitishi kipimo kilichokosea Burundi. Pingamizi zito zaidi linatoka India, ambako watoto wamedumaa kuliko kipato cha nchi kinavyoashiria, na wapo wanaotaja urithi wa damu. Watoto wa New Delhi waliomo katika utafiti wa viwango wanalijibu hilo kwa sehemu kubwa.

Kwamba urefu hausemi lolote kuhusu uhuru wa kusema au upweke wa wazee, nakubali. Ila hatupaswi kudhani unapima chakula tu. Iringa, Njombe na Rukwa, mikoa inayolisha nchi kwa mahindi, ndiyo iliyoongoza kwa udumavu mwaka 2022, Iringa ikizidi asilimia 50. Ghala limejaa, lakini mama anashinda shambani na mtoto anaachiwa uji wa mahindi matupu. Muda wa mama, maji safi, usawa ndani ya nyumba: vyote vinaandikwa kwenye ubao.

Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050 ya Tanzania inalenga pato la dola 7,000 kwa kila mtu. Iringa inatuonya kwamba lengo hilo linaweza kufikiwa bila mtoto kurefuka. Ngazi ibaki kwa kazi inayoiweza, yaani kufuatilia jamii moja mwaka hadi mwaka. Tunapotaka kujua nchi ipi inaishi vyema kuliko jirani yake, tuanze na sentimita, na ninashuku kwamba mara nyingi hatutahitaji kwenda mbali zaidi ya hapo.