Kitanzi cha Sauti

Sauti ina desturi ya kufa. Mpuliza filimbi huishiwa na pumzi, upinde wa fidla hufika ncha, na waya wa piano uliogongwa hunyamaza wenyewe. Walakini mtu akibonyeza kitufe cha kinanda cha umeme, mlio wa filimbi uliorekodiwa kwa sekunde mbili tu waweza kudumu dakika nzima, kadiri apendavyo. Siri yake ni kitanzi, yaani kipande kifupi cha sauti ambacho mwisho wake umeungwa na mwanzo wake, mtambo ukakizunguka hata kidole kiinuke. Aghalabu husemwa kwamba kitanzi ni mtoto wa ufukara, kwa kuwa mitambo ya zamani ilikuwa na kumbukumbu ndogo. Neno hilo ni kweli nusu. Nusu ya pili ndiyo inayostahili kutazamwa.

Mwaka 1948, mjini Paris, Pierre Schaeffer, mhandisi wa redio ya Ufaransa, alikuwa akifanya majaribio kwa sahani za santuri. Katika sahani ya kawaida mfuo huzunguka ukielekea kati. Yeye alikata mfuo uliojifunga, sindano ikarudia neno lile lile bila kwisha. Mwaka huo huo masomo yake matano ya kelele, mojawapo likiwa limeundwa kwa milio ya garimoshi, yalitangazwa redioni. Schaeffer hakusukumwa na uhaba. Alitaka sikio, kwa kurudiwa-rudiwa, lisahau chanzo cha mlio na kuusikia mlio wenyewe.

Kinyume chake ni Mellotron, kinanda kilichotokea Birmingham, Uingereza, mwaka 1963. Kila kitufe kilikuwa na utepe wake wenye sauti ya sekunde nane hivi. Utepe ukiisha, kimya. Mtu angeweza kuufunga duara, lakini duara halina mwanzo, na mwanzo wa sauti ndio unaotuambia kwamba hii ni filimbi na ile ni fidla. Kinanda hicho kikachagua kuhifadhi mwanzo na kupoteza urefu.

Mitambo ya tarakimu ilivipata vyote viwili. Fairlight ya Sydney ilitoka mwaka 1979, na Emulator ya California mwaka 1981. Humo sauti hupimwa mara maelfu kila sekunde, na kila kipimo huwa namba. Mtambo husoma namba tangu mwanzo hadi nukta ya mwisho, kisha huruka nyuma, si hadi mwanzo wa yote, bali hadi nukta ya pili iliyochaguliwa katikati. Ensoniq Mirage ya mwaka 1984 ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 128, na kioo chake kilionyesha tarakimu mbili tu, tena kwa hesabu ya msingi wa kumi na sita. Aliyetafuta kitanzi humo hakuliona wimbi. Aliongeza namba, akasikiliza, akapunguza, akasikiliza tena. Mwaka 1999 Korg Triton, mojawapo ya vinanda vilivyokusanya kazi za studio katika sanduku moja, iliweka nukta hizo kwenye kioo cha kugusa. Sikio halikupunguziwa kazi.

Kazi yenyewe ni ngumu kwa sababu ya hesabu. Tuchukue noti ya La, yenye mawimbi 440 kwa sekunde, iliyopimwa mara 44,100 kwa sekunde. Wimbi moja huchukua vipimo 100 na sehemu kidogo, na namba haina nusu. Mtu akifunga kitanzi penye vipimo 100 kamili, noti hupanda kuwa 441. Kosa ni dogo hapa, lakini katika noti za juu, ambako wimbi lina vipimo vichache, hukua hata likakirihisha. Akingoja mawimbi 22, hupata vipimo 2,205 kamili bila salio. Hata hapo hajamaliza: nukta mbili ziwe na kimo kimoja na mwelekeo mmoja, zote zikipanda au zote zikishuka, la sivyo kiungo hutoa mlio mkavu kama ukucha juu ya meza.

Washairi wetu wanalijua tatizo hili. Kibwagizo hufunga ubeti, nacho lazima kiache mlango wazi kwa ubeti ufuatao. Kibwagizo kinachofunga tu hulichosha shairi katika ubeti wa tatu.

Kitanzi kifupi mno huua sauti, ikabaki mvumo mtupu. Kirefu, chenye mtetemo wa mpigaji ndani yake, hupiga kama moyo: kikiwa cha robo sekunde, husikika kikirudi mara nne kila sekunde. Dawa iliyotumika katika Akai S1000 ya mwaka 1988 ilikuwa kuchanganya, sauti ya mwisho ikififishwa huku ile inayotangulia mwanzo wa kitanzi ikiingizwa polepole. Dawa hiyo nayo ina uchungu wake, maana mawimbi mawili yasiyolingana hulana, sauti ikawa na shimo. Katika taarabu ya kisasa, ambamo kinanda kilichukua nafasi ya safu ya fidla, msikilizaji makini hulisikia shimo hilo. Mpiga fidla naye huficha mahali upinde unapogeuka, ila hageuzi mahali pale pale kila mara.

Mwaka 1998 ilikuja GigaSampler, programu iliyosoma sauti moja kwa moja kutoka diski, na piano ikaweza kurekodiwa hadi inyamaze yenyewe. Ingekuwa ufukara ndio sababu pekee, kitanzi kingezikwa mwaka huo. Lakini hakuna rekodi inayojua mapema kidole kitakaa muda gani. Programu za kinanda cha kanisani kama Hauptwerk, zenye kumbukumbu kubwa kupita kiasi, bado hufunga vitanzi; tena kwa bomba moja huweza kuwekewa vitanzi kadhaa vya urefu mbalimbali, mtambo ukivibadilisha bila mpango ili sikio lisikamate marudio.